Chama Gani Nikipigie Kura?

(Hotuba ya mwanachama mmoja, mfanya kazi wa njia ya reli, aliyoisoma mbele ya wanachama na jamaa zao mjini Isiolo. Tumeipiga chapa kama alivyoisoma. — Katibu)



Bwana Katibu ameniomba niseme habari ya vyama vya siasa na kura. Sababu yake ni kwamba wanachama wengi wamekuwa wakimwuliza kama chama chetu cha wafanya kazi kitatuambia tupigie chama gani uchaguzi ukifika. Mimi si mwalimu wala mwanasiasa. Nilisoma shule ya misheni hapa hapa Isiolo, nikamaliza darasa la nane, nikaishia hapo. Kazi yangu ni kubadilisha mataruma na kukaza boliti katika njia ya Nanyuki. Hapa kwetu hata hiyo reli hatuna. Mwezi wa Machi 2012 Rais Kibaki na wakuu wa Ethiopia na Sudan Kusini walikutana Lamu kuzindua mpango wa bandari na reli ya kufika Isiolo, nasi tukapiga makofi. Lakini mpaka leo mfanya kazi wa reli akitaka kuja kwao Isiolo hushuka Nanyuki akapanda matatu. Kwa hiyo mngedhani mtu kama mimi hawezi kuamini ahadi upesi. Niliamini moja upesi mno, na hiyo ndiyo habari nitakayowapa.

Sitawaambia mpigie nani. Nitawaeleza kosa nililolifanya mwaka 2024 nilipoulizwa swali hili hili na dada yangu, mtoto wa mama mdogo. Tena hakuniuliza habari ya kura ya Kenya, bali kura ya Uingereza.

Dada yangu huyo wengine wenu mnamjua. Alifika mji wa Leeds mwezi wa Aprili 2024 kufanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee. Kazi yenyewe ni kuwaosha, kuwalisha, kuwageuza kitandani na kukesha nao usiku. Alimwacha mtoto wake wa miaka minne hapa Isiolo kwa mama yake. Hakumwacha kwa kupenda. Tangu tarehe 11 Machi 2024 serikali ya Uingereza ilikuwa imeweka sheria kwamba mlezi wa wazee anayetoka nchi za nje haruhusiwi kuja na mume wala mke wala mtoto. Waliotangulia kabla ya siku hiyo walikwenda na watoto wao. Yeye alichelewa kwa wiki chache, na pesa za safari zilikuwa zimekwisha kukopwa. Basi akaenda peke yake.

Tarehe 22 Mei Waziri Mkuu wa huko, Bwana Rishi Sunak wa chama cha Conservative, alisimama nje ya nyumba yake, mvua inamnyeshea, akatangaza kwamba uchaguzi mkuu utafanyika tarehe 4 Julai. Dada yangu hakujali. Aliona ni mambo ya wenyewe. Lakini mwenzake wa kazi, mama mmoja wa Nigeria, akamwambia, "Wewe ni mtu wa Jumuiya ya Madola. Una kura hapa."

Naona wengine mnatikisa vichwa. Mimi pia sikuamini, lakini ndivyo ilivyo. Mtu wa Kenya, Nigeria, Uganda, India au nchi nyingine ya Jumuiya ya Madola, akiwa anakaa Uingereza kwa ruhusa na ametimiza miaka 18, anaweza kuandikwa katika daftari la wapiga kura na kuchagua Bunge lao, hata kama pasi yake ni ya Kenya. Mfaransa au Mjerumani anayekaa huko hana kura hiyo ya Bunge. Ni mabaki ya ufalme wao wa zamani, na kwa mara moja mabaki hayo yametufaa sisi. Dada yangu akajiandikisha kabla ya tarehe 18 Juni, ambayo ilikuwa siku ya mwisho.

Siku ya Jumapili akanipigia simu. Akasema, "Kaka, wewe ni mtu wa chama cha wafanya kazi, mambo haya unayajua. Nikipigie chama gani?"

Sikufikiri hata kidogo. Nikamwambia, Labour. Nikamweleza sababu zangu kwa karibu nusu saa nzima, na sababu zenyewe zilikuwa nzuri. Niwape kwa ufupi, kwa kuwa kila mtu wa reli apaswa kuzijua.

Chama cha Labour kilizaliwa na watu wa reli. Mwaka 1899 tawi la chama cha watumishi wa reli katika mji wa Doncaster lilileta shauri mbele ya mkutano mkuu wa vyama vya wafanya kazi kwamba wafanya kazi watafute njia ya kupeleka watu wao wenyewe Bungeni. Shauri likapita, na Februari 1900 kamati ikaundwa. Mwaka ule ule wafanya kazi wa reli ya Taff Vale, huko Wales, wakagoma. Kampuni ikakishtaki chama chao, na mwaka 1901 mahakama ya juu ikaamua kwamba chama kilipe hasara iliyotokana na mgomo. Zilikuwa pauni nyingi sana, zaidi ya 20,000. Fikirini, ndugu zangu: mkigoma, sanduku la michango yenu linachukuliwa na bwana mnayemgomea. Ndipo vyama vingine vilivyokuwa vikisitasita vikaona kwamba bila watu Bungeni hakuna mgomo wala chama. Mwaka 1906 wakapata viti 29, wakajiita Labour, na mwaka huo huo sheria ikabadilishwa.

Tena, ni serikali ya Labour iliyozifanya reli zote za huko kuwa mali ya taifa tarehe 1 Januari 1948. Conservative wakazirudisha kwa makampuni kwa sheria ya 1993. Na katika uchaguzi huu wa 2024 Labour waliandika katika ilani yao, yaani kitabu cha ahadi, kwamba watazirudisha treni za abiria mikononi mwa umma kadiri mikataba ya makampuni itakavyokwisha. Je, mtu wa reli angesema nini tena?

Dada yangu alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kaka, hizo ni treni zenu. Mtoto wangu je?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimempa kura yangu mimi aibebe yeye. Nikamwambia nitamtafutia habari, nikakata simu, na nawaambia kweli niliona haya.

Wiki ile nilikwenda kumwona mzee mmoja mstaafu wa reli pale Nanyuki, mtu mwenye kusoma. Nikamweleza. Akacheka, akaniuliza, "Makhan Singh alifungwa na serikali ya chama gani?" Nikasema, ya wakoloni. Akasema, "Ndiyo, lakini London nani alikuwa anatawala?"

Ndugu wanachama, jina la Makhan Singh mnalijua, ndiye baba wa vyama vya wafanya kazi katika nchi hii. Mwaka 1949 yeye na Fred Kubai waliunda shirikisho la vyama vya wafanya kazi vya Afrika ya Mashariki, na serikali ikakataa kuliandikisha. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Nairobi, alisimama akadai uhuru wa nchi hizi waziwazi. Tarehe 15 Mei wakakamatwa wote wawili, na Nairobi ikagoma. Makhan Singh akapelekwa Lokitaung, halafu Maralal, halafu Dol Dol hapa jirani, akakaa kifungoni miaka kumi na moja na zaidi, mpaka Oktoba 1961. Na mwaka 1950 serikali ya London ilikuwa ya Labour. Walikuwa ndugu zetu wa Doncaster. Hata Chege Kibachia, aliyewaongoza wafanya kazi wa Mombasa baada ya mgomo mkubwa wa Januari 1947, alikamatwa mwaka ule ule na kuhamishiwa Baringo, London ikitawaliwa na hao hao.

Sasa msiseme basi Conservative ndio wema. Conservative walishika serikali mwaka 1951, na mwaka uliofuata hali ya hatari ikatangazwa hapa Kenya. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 walipigwa mpaka kufa katika kambi ya Hola. Habari ilipofika Bungeni kwao, Bibi Barbara Castle wa Labour aliipigia kelele sana, kama mlivyotazamia. Lakini katika wale wa Conservative wenyewe alisimama Bwana Enoch Powell akawaambia wenzake kwamba haiwezekani kuwa na haki ya namna moja kwa Mwingereza na ya namna nyingine kwa Mwafrika. Basi mwezi wa Oktoba 1959 ukaja uchaguzi, na Conservative wakashinda kwa wingi wa viti 100, kana kwamba Hola haikutokea. Halafu ni hao hao, chini ya Bwana Macmillan na Waziri wa Makoloni Bwana Macleod, walioitisha mkutano wa Lancaster House Januari 1960, njia ya uhuru wetu ikafunguka. Na Makhan Singh alifunguliwa wakati wao.

Mzee yule hakuniachia hapo. Akanikumbusha mwaka 1968. Wahindi wengi wa Kenya walikuwa na pasi za Kiingereza, na kati yao walikuwamo watu ambao baba zao walikuwa makarani na mastesheni masta wa reli hii yetu. Walipoanza kwenda Uingereza kwa wingi, serikali ya Labour ilipitisha sheria ya kuwafungia mlango, na Bunge likaimaliza kwa siku tatu tu. Mtu alikuwa ameshika pasi ya nchi ile mkononi, akaambiwa haingii. Hiyo ilikuwa kabla hata ya Powell, yule yule wa Hola, kutoa hotuba yake mbaya dhidi ya wahamiaji mwezi wa Aprili mwaka huo. Nilimwuliza mzee, "Basi mtu aamini nani?" Akasema nimwongezee chai.

Nilirudi nyumbani na daftari. Kwa kuwa mimi ni mtu wa kazi ya mikono, nilichora mistari kama tunavyoandika orodha ya mataruma mabovu. Upande mmoja nikaandika mambo yanayomgusa dada yangu, si mimi. Yalikuwa mawili makubwa: mshahara wake, na mtoto wake. Upande wa pili nikaandika vyama. Kisha nikasoma ahadi zao katika simu ya mkononi, jioni tatu mfululizo, nikitumia kamusi.

Conservative: wao ndio walioitunga sheria ya Machi, na walijisifu kwayo. Labour: waliahidi kufanya makubaliano ya mishahara ya nchi nzima kwa walezi wa wazee, jambo ambalo ni zuri sana, ni kama sisi tunavyofunga mkataba na mwajiri. Lakini habari ya mtoto hawakuahidi neno. Waliahidi kupunguza wahamiaji. Tena kulikuwa na chama cha tatu, Liberal Democrat. Hawa waliandika kwamba mshahara wa chini wa mlezi uwe pauni 2 kwa saa juu ya kima cha chini cha kawaida, tena kwamba sheria ya kuwazuia walezi kuleta watoto wao ifutwe. Mambo yake yote mawili.

Nikampigia nikiwa na furaha. Nikamwambia, nimekuta chama chako! Akaniuliza swali la pili, na dada yangu huyu angefaa kuwa katibu wa tawi. "Wanaweza kushinda hapa ninapokaa?"

Hapa lazima nieleze jinsi kura ya Uingereza inavyohesabiwa, maana ndiyo tuliyoirithi kwa wabunge wetu. Nchi imegawanywa majimbo 650. Katika kila jimbo anayeongoza, hata kwa kura moja, huchukua kiti chote, na kura za wengine haziendi popote. Kwa hiyo chama chaweza kupendwa kidogo kila mahali na kisipate kitu. Niwape hesabu ilivyotoka mwaka 2024. Labour walipata kama theluthi moja ya kura zote, lakini viti 411, karibu theluthi mbili za Bunge. Chama cha Reform kilipata kura 14 katika kila 100, kikapata viti 5. Liberal Democrat walipata pungufu ya hapo, 12 katika kila 100, wakapata viti 72, kwa sababu kura zao zilikusanyika mahali pamoja. Mtu akikwambia kura yako ina nguvu sawa kila mahali, mwonyeshe hesabu hiyo.

Basi dada yangu alikuwa njia panda. Apigie chama kilichoahidi mambo yake lakini si rahisi kishike serikali? Au apigie chama kitakachoshika serikali, kinachomwahidi mshahara na kumnyima mtoto? Au akae nyumbani alale, maana ametoka zamu ya usiku?

Alitaka kulala. Na hapa nitasema jambo ambalo huenda wazee wetu wasilipende, nao wanisamehe. Sisi watu wa Isiolo tunajua habari ya kukaa bila kupiga kura. Mwaka 1962 ilitumwa tume ya watu wawili kuwauliza watu wa NFD wanataka nini, na tume ikaandika kwamba sehemu kubwa ya nchi hii ya kaskazini ilitaka kujiunga na Somalia. Waliulizwa, wakajibu. Kisha mwezi wa Machi 1963 Bwana Duncan Sandys, Waziri wa Makoloni, mtu wa Conservative, akatangaza uamuzi mwingine. Hapo ndipo mtu wa Merti alipojua kwamba kura iliyopigwa na Mwingereza asiyemjua yaweza kuamua malisho ya ngamia wake. Kwa hasira wengi wakasusia uchaguzi wa Mei 1963, na Bunge jipya lilipokutana, viti kadhaa vya kaskazini havikuwa na mtu. Desemba ikatangazwa hali ya hatari huku kwetu, na miaka iliyofuata mnaijua kuliko mimi: kambi za Garba Tulla na Merti, na mifugo iliyokwisha. Siwalaumu waliosusia. Mtu aliyeulizwa kisha akapuuzwa ana sababu ya kukasirika. Wala sisemi kwamba wabunge wachache wangeyazuia yale yote. Nasema tu kwamba viti vile vitupu havikuuliza swali hata moja.

Nilimweleza dada yangu hayo. Nikamkumbusha pia kwamba askari wa Kiingereza tunaowaona Nanyuki na Archer's Post huja kwa amri ya serikali ile, iwe ya chama hiki au kile, na kwamba fidia ya watu 228 walioumizwa au kufiwa kwa sababu ya mabomu yaliyoachwa malishoni, pauni milioni 4 na nusu, ilipatikana mwaka 2002 kwa sababu walidai kwa jina na kwa hesabu. Nikasema, wewe sasa ni mtu wetu mmoja mwenye kura kule. Usiilaze.

Akafanya jambo ambalo mimi sikulifikiria. Aliandika barua moja, akawapelekea wagombea wote wa jimbo lake. Ilikuwa na swali moja tu: "Ukichaguliwa, utataka mlezi wa wazee aruhusiwe tena kumleta mtoto wake, ndiyo au hapana?" Hakuandika habari ya mateso yake, wala kusifu chama. Aliniambia kwamba barua ndefu hujibiwa kwa maneno marefu.

Wawili walijibu. Mmoja aliandika ndiyo. Mmoja aliandika hapana, akaeleza sababu zake kwa heshima. Wengine walituma karatasi iliyopigwa chapa ya kushukuru kwa barua yake, au hawakutuma kitu. Vyama vyao sivitaji, maana mtu mmoja si chama. Dada yangu alisema kwamba yule wa hapana alimheshimu kuliko wale wa kushukuru, kwa sababu sasa anajua amesimama wapi.

Tarehe 4 Julai alitoka zamu asubuhi, akaenda moja kwa moja kituoni akiwa na pasi yake ya Kenya. Ulikuwa uchaguzi mkuu wao wa kwanza kudai kitambulisho chenye picha, na pasi yetu inakubaliwa. Vituo vyao hufunguliwa saa 1 asubuhi mpaka saa 4 usiku, ili mtu wa zamu yoyote apate nafasi. Jambo hilo ningependa tuige. Alipewa karatasi moja na penseli iliyofungwa kwa kamba. Hakukuwa na foleni. Akatia alama, akaenda kulala.

Nilimwuliza alimpigia nani. Nilimwuliza mara tatu. Alisema, "Kura ni siri, kaka."

Labour wakashinda. Na hapa ndipo hesabu yangu na yake zilipoachana kabisa. Sheria ya kuzirudisha treni kwa umma ilipita Novemba 2024, na tarehe 25 Mei 2025 treni za kwanza chini ya sheria hiyo, za South Western Railway, zikaingia mikononi mwa serikali. Nilifurahi, siwafichi. Nilimtumia picha. Kisha tarehe 22 Julai 2025 serikali hiyo hiyo ikaacha kabisa kuwachukua walezi wapya wa wazee kutoka nchi za nje. Sheria ya Machi 2024 juu ya watoto haikufutwa na serikali mpya. Habari ya mishahara ya walezi, sheria ya haki za wafanya kazi iliyopita Desemba 2025 imefungua njia ya makubaliano yale, nasi tutaona yatazaa nini. Ahadi niliyopewa mimi ilitimizwa. Mtoto hakuwahi kuahidiwa na walioshinda, na ningekuwa nimesoma vizuri siku ile ya kwanza ningemwambia hivyo badala ya kumhubiria Doncaster.

Baada ya uchaguzi alijiunga na chama cha wafanya kazi huko. Anasema wabunge huonekana kila baada ya miaka mitano, lakini mwakilishi wa chama humwona kila Jumatatu.

Sasa turudi kwetu. Kuna tofauti moja kubwa, na bila kuisema nitakuwa nimewadanganya. Huko chama huishi miaka mia, na ndiyo maana nimeweza kukifuata chama cha Labour toka 1899 mpaka leo kama mtu afuataye reli. Hapa kwetu chama hufanana na shati. Waliopigia KADU mwaka 1963 kwa ajili ya majimbo waliwaona viongozi wao wakiingia KANU Novemba 1964, na chama kikafa. NARC iliyoshinda kwa furaha Desemba 2002 ilipasuka kabla ya miaka mitano. Vyama vikubwa vilivyoshindania urais katika uchaguzi wa 2022 havikuwapo kwa majina yale mwaka 2013. Kwa hiyo mtu wa Kenya akitaka kujua matendo ya chama, hana budi kufuata matendo ya mtu mmoja mmoja, katika kila shati alilovaa. Ni kazi zaidi, lakini yawezekana. Kura za Bunge huandikwa, na hotuba zao zimepigwa chapa.

Tena sisi siku moja tunapewa karatasi sita: rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na mwakilishi wa wadi. Wenye vyama watatuambia tuvae suti nzima, yaani tupige rangi moja juu mpaka chini. Mimi naona hiyo ndiyo njia yao ya kumpitisha mgombea asiyeweza kusimama peke yake. Gavana ndiye mwenye zahanati, mbunge hutunga sheria za kazi na za pensheni, mwakilishi wa wadi hujua soko la mifugo. Hakuna sheria inayosema wote watoke duka moja.

Kwa hayo, Bwana Mwenyekiti, jibu langu kwa swali la wanachama ni kwamba chama chetu kisitoe amri. Nilitoa amri kwa mtu mmoja tu, tena dada yangu nimpendaye, nikakosea. Lakini nisingependa tukae kimya pia. Naleta shauri kwamba tawi liandike barua moja fupi kwa kila mgombea wa Isiolo na wa Nanyuki, wa kila chama, yenye maswali yasiyozidi matatu ya kujibiwa ndiyo au hapana. Majibu yabandikwe ukutani pamoja na majina ya waliokaa kimya. Swali la kwanza nimekwisha liandika, ni juu ya pensheni za wastaafu wa reli zinazochelewa, maana wengine wao wameketi hapa mbele yangu. La pili lahusu reli ya Isiolo: mgombea aseme kama atadai Bungeni tarehe na fedha zake, au hatadai. La tatu liko wazi.

Karatasi iko kwa Bwana Katibu. Mwenye swali la tatu aandike kabla ya mkutano wa mwezi ujao, kwa mkono wake au amwambie mtoto amwandikie. Dada yangu ameniuliza kama yeye aweza kutuma lake kutoka Leeds, nami nimemwambia alilete.